Mtanziko: Asili ya Neno na Historia ya Ardhi ya Ukoo katika Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza umbo, asili na maana ya neno mtanziko, ambalo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni hali ya mtu aliyekabiliwa na uchaguzi mgumu. Hoja yetu ni kwamba fasili hiyo haitoshi. Neno limejengwa juu ya taswira ya kitanzi, na taswira hiyo bado ipo hai katika maneno linaloambatana nayo. Ili kuonesha uzito wa tofauti hiyo, tunalipima neno kwa shauri moja la ardhi lililoanza katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, mwaka 1988, na kwa historia ya kibanja cha ukoo iliyolitangulia. Tunahitimisha kwamba anayeandika historia ya Kagera akichanganya mtanziko na njiapanda humfanya aliyenaswa aonekane kuwa amechagua.

1. Utangulizi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuielezea hali ya mtu asiyejua ashike lipi. Husemwa kwamba yuko njiapanda, kwamba amepatwa na kizungumkuti, au kwamba yumo katika mtanziko. Methali nazo zimelisemea jambo hili. Fisi aliyeshindwa na njia mbili ni mfano unaojulikana kila mahali, na anayeruka majivu akakanyaga moto ni mwingine. Aghalabu maneno haya hutumiwa kana kwamba ni visawe, hasa katika tahakiki za tamthilia na riwaya, ambamo mtanziko umekuwa istilahi ya kawaida.

Usawe huo ndio tunaoutilia shaka. Fisi wa methali alishindwa kwa sababu alizitaka njia zote mbili. Kosa lilikuwa katika tamaa yake. Mrukaji wa majivu hakutamani chochote ila kuepuka kuungua, na aliungua. Wawili hawa hawako katika hali moja, na lugha yenye maneno mengi kwa ajili ya hali hizi haikuyapata bure. Swali letu ni la maana, lakini pia ni la historia: neno tunalolichagua kumweleza mtu wa zamani ndilo linaloamua kiasi cha lawama tunachombebesha.

2. Umbo na asili ya neno

Mtanziko ni nomino ya ngeli ya u-/i-, yenye kiambishi awali m- na kiishio -o. Imefinyangwa kwa kalibu ileile iliyotoa mfadhaiko kutokana na fadhaika, mgawanyiko kutokana na gawanyika, na mtikisiko kutokana na tikisika. Kwa hiyo umbo lenyewe linadai kuwapo kwa kitenzi tanzika. Kitenzi hicho ni nadra kusikika katika mazungumzo ya leo. Nomino imekiacha nyuma na kuendelea na safari yake peke yake.

Tanzika nacho kinaelekea kutokana na nomino tanzi, ambayo kwa wengi inajulikana zaidi katika umbo la kitanzi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inakieleza kitanzi kuwa ni kamba iliyofanywa duara, ya kunasia au kufungia. Kutoka nomino kwenda kitenzi chenye -ika si jambo geni katika Kiswahili: huzuni imetoa huzunika, taabu imetoa taabika, na shughuli imetoa shughulika. Kutanzika, kwa mantiki hiyo, ni kuwa katika hali ya kitanzi.

Tunaweza kurudi nyuma hatua moja zaidi. Katika Kiswahili, sauti nd ya mwisho wa mzizi hugeuka nz inapofuatwa na kiishio -i cha unominishaji. Kutokana na penda tumepata mpenzi, kutokana na linda mlinzi, na kutokana na panda mpanzi. Mfano ulio karibu zaidi ni tenda, kilichotupa kitenzi. Kwa kanuni hiyohiyo tanda kingetupa kitanzi, na maana hazikinzani. Kutanda ni kuenea na kunyooka juu ya kitu, kama wingu linavyotanda. Ukoo wa maneno ya mzizi huo ni mkubwa: utando wa buibui ambao huwanasa wadudu, kitanda kilichosukwa kwa kamba, na katika siku zetu mtandao. Kitanzi, basi, ni kamba iliyotandwa. Wingu hutanda lenyewe, lakini kamba haijitandi. Iko namna iliyowekwa, na yupo aliyeiweka.

Ni vema kuondoa hapa utata mmoja. Kwa kuwa mtanziko hutumika sana pamoja na neno tanzia katika uhakiki wa drama, baadhi ya wasomaji huyachukulia maneno haya kuwa ndugu. Tanzia inatokana na Kiarabu, katika neno la kutoa pole ya msiba, na kwa njia ya tangazo la kifo ikafika kwenye maana ya mchezo wenye mwisho wa huzuni. Mfanano wa sauti ni wa bahati. Hata hivyo umeacha alama: umeuvuta mtanziko kuelekea jukwaani na kwa mashujaa wakubwa, wakati asili yake ni chombo cha mwindaji wa kawaida.

3. Kitanzi si njiapanda

Asili ya neno haitoshi kuthibitisha maana yake ya sasa. Msomaji anaweza kusema, na ana haki ya kusema, kwamba wasemaji wa leo wamekwisha kukisahau kitanzi na kwamba kwao mtanziko ni uchaguzi mgumu tu. Jibu liko katika maneno ambayo mtanziko huandamana nayo. Watu husema mtu amenaswa katika mtanziko, kwamba anajaribu kujinasua, kwamba mtanziko umembana au umemkaba. Vitenzi hivi vyote ni vya mtego na kamba. Njiapanda ina vitenzi vyake: mtu hufika njiapanda, husimama njiapanda, hatimaye hushika njia mojawapo. Ni vigumu kusikia mtu amesimama mtanzikoni akitazama huku na huku, na hakuna anayejinasua kutoka njiapanda. Wasemaji wanaweza kusahau asili ya neno huku wakiendelea kuitii.

Linganisho na lugha nyingine litatusaidia. Neno la Kigiriki ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi kwa maana hii lilianza katika elimu ya mantiki, likimaanisha hoja yenye misingi miwili. Na wanabalagha waliotumia Kilatini wakaifananisha hoja hiyo na mnyama mwenye pembe mbili: ukiikwepa moja, ya pili inakuchoma. Hapo jambo la msingi ni idadi. Lazima ziwepo pande mbili. Kitanzi hakina pande mbili. Ni duara moja, na sifa yake kuu ni kwamba nguvu ya mnaswa ndiyo inayokikaza. Ndege akitulia, amenaswa, akivuta, anajikaba. Kwa hiyo tunapendekeza fasili hii: mtanziko ni hali ambayo kila tendo la kujiokoa linaongeza hatari ileile mtu anayoikimbia.

Kuna tofauti ya pili, na kwa mwanahistoria ndiyo kubwa zaidi. Njiapanda haina mwenyewe. Njia hukutana kwa sababu watu wamezipita. Kitanzi kina mtegaji. Lakini sarufi ya neno letu imemficha. Kinyambuo -ik- cha Kiswahili hutaja hali bila kumtaja mtenda. Tukisema kikombe kimevunjwa, tunajua yupo aliyekivunja hata kama hatajwi. Tukisema kimevunjika, swali hilo halizuki. Mtanziko umejengwa kwa tanzika, si kwa umbo la kutendwa. Neno linakumbuka kamba na linamsahau aliyeitega. Anayelitumia katika historia anawajibika kumrudisha.

4. Kibanja: ardhi yenye makaburi

Katika maeneo ya Wahaya ya Bukoba na Muleba, kaya hutegemea kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, likirutubishwa kwa samadi na nyasi zinazoletwa kutoka rweya, nyika ya wazi iliyo nje ya vijiji. Kibanja hakiundwi kwa msimu mmoja. Rutuba yake ni kazi ya vizazi, na wafu wa familia huzikwa humohumo. Kukiuza kwa mgeni ni kumkabidhi makaburi ya wazee. Ndiyo maana ukoo ulidai sauti juu ya kila kibanja cha urithi, hata kama anayekilima ni mtu mmoja.

Madai hayo hayakubaki tuli. Falme za eneo hili, miongoni mwake Kiziba, Kianja na Ihangiro, zilikuwa na taratibu zao kabla ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Chini ya watawala wa kikoloni, mfumo wa nyarubanja, ambamo wakulima waliishi juu ya ardhi ya bwana na kuwajibika kwake, ulipanuka na kuzusha manung'uniko yaliyoendelea hadi sheria ya mwaka 1965 ilipowapa wapangaji haki juu ya ardhi waliyoilima. Kahawa nayo iliipa ardhi thamani ya fedha. Kibanja kilichokuwa na thamani ya ukoo sasa kilikuwa na bei.

Mwaka 1945 Hans Cory na mwenzake Hartnoll walichapisha kitabu chao kuhusu sheria za kimila za Wahaya. Miaka kumi na minane baadaye, Tanganyika ikiwa imekwisha kujitawala, kanuni za urithi za jamii zinazofuata ukoo wa baba zilitangazwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Cory. Kanuni ya ishirini ilisema kwamba wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo wataitumia katika uhai wao bila kuiuza. Watairithi kwa ukamilifu ikiwa tu hakuna mwanamume wa ukoo huo.

Tuiangalie kanuni hii kwa jicho la mtegaji. Kauli ya wazee katika baraza inaweza kujadiliwa, kupimwa na hali ya mhusika, na kubadilishwa. Ikisha kuandikwa na kupewa namba, inageuka kamba iliyofungwa fundo. Si mila peke yake iliyoitega, wala si mkoloni peke yake. Walioitega ni wazee walioulizwa, mtaalamu aliyeandika, na dola huru iliyotangaza.

Wako waliotafuta mahali pa kukatia kamba hiyo. Birgitta Larsson, katika utafiti wake wa mwaka 1991 kuhusu wanawake, kanisa na mabadiliko ya jamii Kaskazini-Magharibi mwa Tanzania, anaonesha jinsi wanawake wa Buhaya wa enzi ya ukoloni walivyotafuta uhuru kwa njia tofauti, wengine katika dini na wengine katika miji ya mbali. Miongoni mwa waliokwenda mijini wapo waliorudi na fedha wakanunua vibanja. Kibanja cha kununua hakikuwa cha ukoo, na mwenye nacho aliweza kukiuza. Lakini njia hiyo ilimtaka mwanamke aondoke kwanza, na mara nyingi avumilie jina baya. Aliyebaki nyumbani kumtunza baba hakuwa nayo.

5. Kashasha, 1988 hadi 1990

Mwanamke mmoja wa Muleba alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka, hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza ardhi hiyo kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake mwanamume wa ukoo wake, aliyekuwa akimwita shangazi, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akiomba mauzo yatangazwe kuwa batili kwa sababu mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilikubaliana naye na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha zake. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilitengua uamuzi huo, na rufaa ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya, ikiwa Rufaa ya Madai Namba 70 ya mwaka 1989.

Huyu mama hakuwa njiapanda. Kama angebaki na ardhi, ingemfia mikononi, kwa kuwa uzee ulikuwa umemnyima nguvu za kuilima na hakuwa na wa kuilima kwa niaba yake. Kama angeiuza, kanuni ingeyabatilisha mauzo, arudishe fedha, na abaki amekosana na jamaa pekee ambao angeweza kuwategemea. Tendo lake la kutafuta matunzo ndilo lililoharakisha kupotea kwa matunzo. Hicho ndicho kitanzi. Kwamba shauri lilifunguliwa siku moja tu baada ya mauzo kunaonesha kamba ilikuwa imekaa tayari.

Wahusika wengine wawili hawakuwa katika hali hiyo, na hapa utajiri wa Kiswahili unatufaa. Jaji alikabiliwa na mgongano. Kwa upande mmoja ilikuwapo kanuni ya mwaka 1963, na kwa upande wa pili Tamko la Haki lililoingizwa katika Katiba mwaka 1984, ambalo Ibara ya 13(4) yake inakataza ubaguzi, pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia. Mgongano ni mzito, lakini si mtanziko, kwa sababu sheria moja ilikuwa juu ya nyingine, na sheria ya mpito ya mwaka 1984 iliziruhusu mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa marekebisho yatakayozipatanisha na Katiba. Katika hukumu yake ya tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo, na kwamba mauzo yale yalikuwa halali.

Mdai naye ndiye hasa aliyesimamishwa njiapanda. Kwa desturi, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya jamaa, wao wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha. Hukumu iliyaweka mauzo ya mwanamke katika daraja hilohilo: mdai alipewa miezi sita kumlipa mnunuzi shilingi 300,000 na kuichukua ardhi, la sivyo iwe ya mnunuzi. Njia mbili, zote wazi, kila moja na gharama yake. Uchungu wa kuyaona makaburi ya wazee yakienda kwa mgeni haupaswi kudharauliwa. Lakini hakuna kati ya njia zile iliyogeuka kumkaba kwa sababu ameishika.

Yapo pia mambo ya lugha katika safari ya shauri hili. Desturi iliyobishaniwa ni ya Wahaya. Mahakama ya mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili. Hukumu ya Mahakama Kuu iliandikwa kwa Kiingereza. Uzee na upweke wa mama yule, ambavyo ndivyo vilivyomsukuma kuuza, vimo katika hukumu kwa sentensi moja tu; kurasa zilizosalia ni za mgongano wa sheria. Kila ngazi ilizungumza zaidi kuhusu uchaguzi wa mahakama na kidogo kuhusu kunaswa kwa mtu.

Hukumu ililegeza kitanzi. Haikukiondoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20(2), ilibatilisha kanuni za kimila zinazowanyima wanawake umiliki, ukaaji au matumizi ya ardhi. Hata hivyo, wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga kanuni za urithi za mwaka 1963, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba zinabagua lakini ilikataa kuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba haki zao zilikiukwa. Kwa Kagera jambo hili si la nadharia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983, na maradhi yale yaliacha wajane na yatima wengi ambao haki yao ya kubaki kwenye kibanja ilitegemea kanuni ipi ingefuatwa.

6. Neno katika fasihi

Fasihi simulizi ya Afrika ina tanzu inayoishi kwa hali hizi: hadithi zinazokoma kwa swali na kuwaachia wasikilizaji hukumu. William Bascom alizikusanya na kuzijadili katika kitabu chake cha mwaka 1975. Nyingi zinaitwa hadithi za mtanziko, lakini kwa fasili tuliyoitoa, zipo za aina mbili. Kile kisa cha mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani ni fumbo: lina jibu, na furaha yake ni kulipata. Hadithi inayouliza nani kati ya ndugu watatu anastahili bibi harusi ni njiapanda: majibu ni mengi na yote yanajadilika. Mtanziko halisi ni nadra katika hadithi za jioni, pengine kwa sababu hauwaachii wasikilizaji la kubishania.

Tunaupata katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Kinjeketile anapotakiwa na Wajerumani kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, akikubali ataiua imani inayoweza kuwaunganisha watu siku za mbele. Akikataa, anaendelea kuibeba imani ambayo anajua imewaua wengi. Hapo pia neno linatudai tuulize ni nani ametega. Mhakiki anayeandika tu kwamba mhusika alikuwa na uchaguzi mgumu amemwondoa mkoloni kwenye jukwaa.

7. Hitimisho

Tumeonesha kwamba mtanziko umetokana na kitanzi, na kwamba kitanzi kwa dalili zote kimetokana na tanda. Kwamba vitenzi vinavyoandamana na neno hadi leo ni vya kunaswa na kujinasua. Na kwamba umbo lake la kutendeka linamficha mtegaji. Fasili ya kamusi isiyozidi uchaguzi mgumu inaacha nje mambo yote matatu. Tunapendekeza wanaleksikografia waongeze wazo la kunaswa, na kwamba njiapanda ibaki kuwa neno la mtu mwenye njia.

Pendekezo hili lina matokeo nje ya kamusi. Anayesema kwamba mama wa Kashasha alichagua kuuza ardhi ya ukoo amesema kweli kuhusu tendo na amekosea kuhusu hali. Kwa neno uchaguzi tunabaki tukiuliza kama alichagua vema. Kwa neno mtanziko tunalazimika kuuliza kamba ilitoka wapi, nani alifunga fundo mwaka 1945, nani akalikaza mwaka 1963, na kwa nini ilichukua hadi mwaka 1990 kwa mtu mwenye kisu kufika.